Kupe hafyonzi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi ni vijana watano wa Nyegezi, Mwanza. Tunacheza mchezo wa mezani wa mashujaa wenye uwezo wa ajabu, ule wa karatasi, penseli na dadu. Tunatumia kanuni za Champions, toleo la zamani, na tumeanza kuzitafsiri ili kila mmoja wetu azielewe. Kuna uwezo mmoja unatusumbua: shujaa akipigwa kwa umeme au moto, pigo lile linamwongezea nguvu. Tumeuita "kunyonya nguvu", lakini kila ukitumika tunabishana hadi mchezo unasimama. Neno sahihi ni lipi: kunyonya, kufyonza, kumeza au kusharabu?

JIBU: Marahaba, wanangu. Ubishi wenu hauanzii kwenye dadu, unaanzia kwenye neno mlilochagua. Na neno lenyewe ndilo hili ambalo siku hizi limevamia kila sentensi. Sponji inanyonya maji, ardhi inanyonya mvua, ukuta unanyonya rangi, paneli inanyonya jua. Silipendi hata kidogo. Kunyonya ni neno zuri lenye kazi yake, lakini linatumwa kazi za wenzake, na likifika huko linavuruga maana.

Kunyonya kunataka wawili: anayenyonya na anayenyonywa. Kinachoingia kwa mmoja kimetoka kwa mwingine, na huyo mwingine kimempungukia. Mtoto ananyonya, maziwa yanapungua. Kupe anamng'ang'ania ng'ombe, damu inapungua, na mfugaji yeyote wa Usukumani anajua ng'ombe aliyejaa kupe anavyokonda. Azimio la Arusha la 1967 lilipotaka kumtaja mtu anayeishi kwa jasho la mwenzake lilitumia unyonyaji, na mwananchi wa kijijini hakuhitaji kufafanuliwa. Alikuwa ameshamwona kupe.

Sasa rudini kwenye kanuni yenu. Adui anarusha mwale wa umeme wa dadu kumi. Jumla ya dadu hizo, kwa wastani 35, ndiyo mshtuko, yaani pigo linaloweza kumzimisha mtu. Madhara ya mwili husomwa kwenye dadu hizo hizo kwa njia nyingine: inayoonyesha 1 haina kitu, ya 2 hadi 5 ni alama moja, ya 6 ni alama mbili. Kwa hiyo dadu kumi hutoa kama alama 10 za mwili. Shujaa wenu ana dadu tatu za uwezo huu, ambazo kila moja imemgharimu pointi 5 za kumuunda mhusika. Naye anarusha zake. Zikitoa 8, basi katika zile alama 10 anachukua 8, na zinakwenda mahali alipochagua tangu alipomwandika mhusika wake, tuseme kwenye nguvu za mwili. Alama hizo huhesabiwa kabla kinga haijapunguza chochote. Zingehesabiwa baada ya kinga, uwezo huu usingekuwa na faida, maana kinga ya shujaa wa kawaida huzimaliza alama 10 zote.

Adui amepoteza nini? Hakupoteza kitu. Zamu yake ikifika tena atarusha dadu kumi kamili. Lakini mchezaji aliyesoma "ananyonya nguvu" kwenye karatasi atadai, na Kiswahili kitamuunga mkono, kwamba adui apunguziwe pointi 8. Mwenzake atakataa. Hapo ndipo mchezo wenu unaposimama. Tena mwenye kudai hana kosa, kwa kuwa amelisoma neno kama lilivyo. Kosa ni la aliyetafsiri.

Uwezo wa kupunguza huku na kuongeza kule upo katika kanuni hizo hizo, lakini ni mwingine kabisa. Huko shujaa ndiye anayeshambulia: analenga, anarusha dadu, alama zinatoka kwa adui na kuingia kwake. Huyo ndiye kupe. Huo ndio muuite kunyonya, na kama mmeshaupa jina jingine, libadilisheni leo. Upo na wa tatu, unaompunguzia adui bila kumwongezea mshambuliaji kitu. Huo uiteni kudhoofisha. Nyinyi mmelichukua neno la uwezo wa pili mkalibandika kwenye wa kwanza, na wa pili umebaki bila jina.

Uwezo wa kwanza jina lake ni kufyonza. Najua atatokea msomaji wa kuniambia kwamba fyonza nayo ilianzia kinywani, kwamba mtu hufyonza embe hadi kokwa ikabaki nyeupe. Ni kweli, na kamusi huyafafanua maneno haya mawili kwa kuyakutanisha. Lakini matumizi yameshayatenganisha. Tunasema kifyonza vumbi, si kinyonya vumbi. Fyonza humtazama anayepokea tu. Kilichofyonzwa kilitoka wapi, na huko kimebaki kiasi gani, fyonza haiulizi.

Mkitaka kuliona, nendeni mwalo wa Kirumba mkatazame taa za wavuvi wa dagaa zinazochajiwa kwa sola. Mchana kutwa paneli inafyonza mwanga. Jua halijapungua, na kesho litawaka vilevile. Hilo ni moja. Pili, betri ina kikomo: ikijaa imejaa, hata jua liwe kali namna gani. Shujaa wenu wa dadu tatu naye kikomo chake ni 18, yaani tatu mara sita, hata apigwe na radi tano mfululizo. Tatu, kilichohifadhiwa hakikai. Taa ikiwashwa ziwani usiku, chaji inashuka. Kwa shujaa, pointi 5 hutoweka kila duru ya sekunde 12: zile 8 zinabaki 3 baada ya duru ya kwanza, na baada ya pili hazipo. Nne, paneli hupokea aina yake tu. Ipigeni kwa nyundo muone kama betri itajaa. Mhusika aliyeandikiwa mapigo ya nishati, akichapwa rungu hapati hata pointi moja, kwa sababu mapigo ya vitu vigumu ni fungu jingine ambalo hununuliwa peke yake.

La tano ndilo linalosahauliwa zaidi. Wekeni kiganja juu ya paneli saa saba mchana. Inaunguza. Kufyonza mwanga hakujaikinga na joto. Na shujaa ni hivyo hivyo. Amefyonza pointi 8, lakini mshtuko wa 35 bado unamkabili. Akiwa na kinga ya 20 dhidi ya nishati, 15 zinampata, na zinafutwa kwenye karatasi yake. Akitaka asiumie, anunue kinga kwa pointi nyingine. Ndiyo maana kumeza hakufai hata kidogo. Aliyemeza amemaliza, kitu hakipo tena. Anayesoma "shujaa anameza umeme" ataamini pigo limekwisha na hatafuta chochote, na hamtakuwa na haki ya kumlaumu.

Kusharabu ni neno safi. Limetoka kwenye shina la Kiarabu lenye maana ya kunywa, shina lile lile lililotupa sharubati, na halina kosa. Lakini waulizeni vijana wa Nyegezi wangapi wamewahi kulitamka. Kanuni ya mchezo husomwa kwa haraka huku wenzako wanasubiri zamu. Liacheni kwa maji na vitambaa.

Limebaki lile "nguvu". Mmelipa kazi tatu: nguvu za misuli, nguvu za ajabu na nguvu za umeme. Mchezaji akisema "nimeongeza nguvu", mwongoza mchezo afute wapi na aandike wapi? Nguvu ibaki kwa misuli, ile inayobeba gari. Kipaji cha ajabu kiitwe uwezo. Umeme, moto na mwanga ni nishati, kama watoto wanavyofundishwa darasani.

Kanuni yenu basi iandikeni hivi: "Kufyonza nishati. Shujaa akipigwa kwa nishati, arushe dadu zake za kufyonza. Jumla yake ndiyo kikomo cha alama za mwili anazozichukua kutoka katika pigo hilo, kabla ya kinga. Alama hizo ziongezwe mahali palipochaguliwa, na zipungue 5 kila duru. Aliyepiga hapunguziwi kitu. Aliyepigwa anaumia kama kawaida."