Kuzeesha uso wa saa na mishale yake: niliyojifunza kwa saa ya marehemu Baba

Jumanne iliyopita nilipata ujumbe: "Kaka, nimeiona picha ya saa yako. Nina Seiko tatu hapa, nizeeshee nyuso na mishale zionekane za miaka ya 60, tutagawana faida." Sikumjibu siku ile. Nilikasirika, na hasira yenyewe ina historia yake.

Saa aliyoiona ni Seiko 5 ya marehemu Baba. Baba alikuwa dereva wa UDA, yale mabasi ya abiria ya Dar es Salaam. Aliivaa mkono wa kulia ili wa kushoto ubaki na gia, na kiwiko cha kulia kilikaa dirishani siku nzima. Jua la saa nane la Barabara ya Morogoro, miaka nenda miaka rudi, liliugeuza ule uso mweusi ukawa rangi ya ukwaju, ukikolea pembeni na kufifia kuelekea katikati. Wakusanyaji wa saa nyuso za namna hiyo huziita za kitropiki, na wako radhi kuzilipia zaidi kuliko zilizobaki nyeusi. Sisi nyumbani tulijua ni saa ya Baba, basi.

Mwaka juzi iliingia maji. Nikaipeleka kwa fundi mmoja Kariakoo, nikamwambia asafishe mashine. Nilipoifuata nikakuta uso mpya, mweusi tii, na mishale inayometameta. Nikauliza vya zamani viko wapi. "Vilishaoza bosi, nimetupa." Hata sasa ninapoandika maneno hayo kifua kinanibana. Nilimpelekea Mama. Aliishika, akaigeuzageuza, akanirudishia. "Saa nzuri hii. Ile ya baba yako umeiweka wapi?"

Kwa hiyo kabla ya yote: ukimpa fundi saa, mwambie mapema kwamba kila kitakachotoka ndani yake kirudi kwako kwenye kifuko. Kila kitu, hata mshale uliopinda.

Nilianza kujifunza kuzeesha kwa nyuso za saa mbovu nilizonunua kwa mafundi. Watu wengi wanasifu chai na kahawa. Karatasi inanywa chai, lakini uso wa saa ni bati lililopakwa vanishi. Chai iliteleza juu yake kama maji kwenye jani la mgomba. Ilishika mahali pamoja tu, kwenye vile vidoa vya rangi inayowaka gizani, kwa sababu vina vitundu. Nikajaribu joto la oveni. Vanishi ikafura malengelenge na maandishi yakanyanyuka. Ule niliouanika juani juu ya bati kwa wiki sita haukubadilika hata kidogo. Baba alihitaji miaka. Mimi nilitaka wiki.

Kilichonifaa ni rangi ya mafuta ya wachoraji, kahawia yenye tone la nyekundu, niliyoizimua kwa thina mpaka ikawa kama maji machafu. Unapaka kwa brashi nyembamba, unafuta kwa sponji, unaacha siku mbili, unarudia. Tabaka la kwanza hutaliona kabisa. La tatu utaanza kulihisi zaidi ya kuliona. Mwisho vanishi isiyong'aa. Mimi niliweka mbele yangu picha ya Baba akiwa ameegemea basi, mkono umekunjwa, saa inaonekana vizuri. Nilipaka pale jua lilipompiga, si kwingine. Ndugu zangu, hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanachafua uso mzima sawasawa, na hakuna saa iliyozeeka hivyo. Usiwe na haraka.

Mishale ilinitesa zaidi. Mvuke wa siki na chumvi unakula shaba vizuri, ila mishale mingi imepakwa kromu na kromu haijali siki. Nikarudi kwenye rangi ileile. Vidoa vya uso na vya mishale vipake siku moja, kwa mchanganyiko mmoja, la sivyo havitafanana. Ukiing'oa mishale, tanguliza kipande cha plastiki juu ya uso usije ukauchuna, na zima pangaboi. Ukiirudisha, zungusha kifundo cha majira mpaka tarehe iruke, ndipo uipachike yote kwenye 12. Mimi nilipuuza hilo, tarehe ikawa inabadilika saa kumi alasiri. Haraka tena.

Na tafadhali, uso wa saa ya kabla ya miaka ya 1970 usiukwangue. Rangi yake ya kuwaka inaweza kuwa na radiamu, madini yenye mionzi hatari. Hata kama haiwaki tena, ni ile kemikali ya kung'aa iliyochoka. Radiamu yenyewe huchukua miaka 1600 hivi kupungua nusu. Mabinti waliopaka nyuso za saa huko New Jersey, Marekani, miaka ya 1920, walichonga ncha za brashi kwa midomo. Mifupa yao ya taya ilioza, na wengine walikufa.

Nilipomaliza nilimpa Mama bila neno. Alikaa nayo muda mrefu, akipitisha kidole gumba juu ya kioo. Kisha akauliza, "Uliipata wapi?" Nikamwambia ukweli: uso si wenyewe, nimeupaka mimi. Akaitikia kwa kichwa, akanifunga mkononi. Wa kulia.

Sasa wewe wa Jumanne. Atakayenunua saa hiyo atalipa akiamini kuna mtu aliishi nayo. Unamuuzia miaka ya mtu ambaye hakuwepo, na huo ni wizi, hata ukiupamba vipi. Hatutagawana chochote. Lakini kama kati ya hizo tatu iko ya mzee wako, nitakusaidia bure. Njoo nayo Magomeni siku yoyote baada ya Magharibi, na uje na picha yake akiwa ameivaa.