Kaboy kangu kanataka povu la maziwa

SWALI: Shangazi, niko huku Molo, tuna ng'ombe 2 na kaboy kangu ka miaka 3 kakiniona na ndoo asubuhi kanakuja mbio na kikombe, kanataka lile povu la juu kabla hata sijachuja, na mama mkwe anasema wacha anywe apate nguvu, baba yake alilelewa hivyo. Nifanyeje? – Mama Boy

JIBU: Mama Boy, na mama mkwe usianze vita, lakini maziwa chemsha. Mabichi yanaweza kuleta brusela, ile homa ya kuja ikienda na viungo vinauma mpaka watu wanadhani ni malaria, na ng'ombe anaweza kukaa tu mzima kumbe anayo. Acha yachemke kabisa, si kupashwa moto tu, poza sufuria kwa beseni ya maji baridi, halafu mmwagie kutoka juu juu vile wa hoteli humwaga chai, povu atapata (wangu hakujua tofauti). Mala pia, chemsha kwanza ndio ugandishe. Na akishikwa na homa isiyoisha, mpeleke hospitali na uwaambie wazi amekuwa akinywa mabichi.