Jibu: Milima ya Congo imepotelea wapi Agosti hii?

Mkuu, umesema ulihamia Kigoma mwezi wa 6 na kila jioni ulikuwa unaona milima ya Congo ng'ambo ya ziwa. Sasa ni Agosti, milima haipo, anga jeupe, jua linazama jekundu kama kaa. Ukafungua ramani ya moto ya NASA saa sita mchana, hakuna moto jirani. Unauliza: vumbi, ukungu wa ziwa, au moshi?

Ni moshi. Mwaka wa sita huu napiga picha ya ziwa nikiwa juu ya jiwe lile lile nyuma ya nyumba, na kila kiangazi Congo inaondoka, inarudi na mvua za kwanza. Na wala si lazima uwe moshi wa jirani yako. Upepo wa kiangazi huku unatoka kusini-mashariki, unafika kwetu ukiwa umeshapita Katavi na Tabora, kwenye mapori ya miombo. Nyasi kule zimekauka na kila mtu ana kiberiti: mkulima anasafisha shamba, mfugaji anataka majani yachipue, mrina asali kaacha kijinga hakijazimika. Hifadhi nazo huchoma mapema kwa makusudi, ili moto kichaa wa Septemba ukija usikute cha kula. Moshi wenyewe hauishii Congo. Ule wa ukanda huu wote wa miombo husukumwa mpaka juu ya Atlantiki, na NASA walirusha ndege kuupima huko miaka ya 2016 hadi 2018, kwanza wakitokea Namibia, halafu São Tomé.

Ramani yako ilikuwa tupu kwa sababu ya saa. Setilaiti zenye kihisi cha VIIRS, yaani Suomi NPP, NOAA-20 na NOAA-21, hupita mara mbili kwa siku, kama saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku. Lakini hiyo ni saa ya jua la mahali husika! Saa tunayovaa mkononi imepangwa kwa longitudo 45, sisi tuko karibu na 30, kwa hiyo jua la Kigoma liko nyuma saa nzima. Kwetu inapita kama saa nane na nusu, inaweza kutangulia au kuchelewa kidogo. Mwaka mzima wa kwanza nilikuwa natoka na simu saa moja kabla, nalinganisha picha zangu na za setilaiti, nashangaa mbona mawingu hayakai yalipo. Wewe ulifungua saa sita, ukaangalia ya leo, na ya mchana ilikuwa haijapigwa. Hata ikishapigwa, data huchukua kama saa tatu kuingia kwenye ramani. Tena moto uliowashwa saa kumi jioni hauonwi mpaka saa nane na nusu usiku, na nyasi hazisubiri mpaka muda huo. Ramani tupu maana yake ni kwamba setilaiti haikukuta moto ilipopita, basi.

Na kidoa cha moto kikiwepo kwenye ramani, usikiamini kupita kiasi. Nilishaona kimoja juu kabisa ya shamba la mjomba Uvinza. Nikampigia saa tano usiku, akatoka na tochi, nikawa namsikia anavyohema. "Mjomba, huku kuna mbwa tu." Asubuhi akaniambia moto ulikuwa ng'ambo ya bonde. Kidoa huwekwa katikati ya mraba uliopimwa: mita 375 kwa VIIRS, kilomita 1 kwa MODIS, kihisi kingine kinacholisha ramani hiyo. Moto unaweza kuwa popote ndani ya mraba ule. Siku hizi naangalia kwanza ni kihisi gani na saa ngapi, ndipo namwamsha mtu.

Sasa jinsi ya kutofautisha moshi na wingu. Nenda NASA Worldview, tovuti ya picha za setilaiti, ni bure, fungua picha ya rangi za kawaida ya siku hiyo. Wingu lina kingo na uvimbeuvimbe. Moshi ni kama maziwa yaliyotiwa maji, bado unaona mto chini yake. Ukiwa na shaka, badilisha uweke MODIS mchanganyiko wa 7-2-1, yaani picha inayotumia kanda za mwanga namba 7, 2 na 1. Moshi utafifia kabisa au karibu kabisa, kwa sababu chembe zake ni ndogo kuliko urefu wa wimbi la kanda ya 7, ambayo ni infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Matone ya wingu ni makubwa, kwa hiyo wingu linabaki. Hapo hapo utaona makovu ya ardhi iliyoungua, mekundu ya kahawia. Mimi huanza na picha hii hata kabla ya ramani ya vidoa.

Ukiangalia picha za usiku humo humo, zile zisizo na mbalamwezi, utakuta nukta nyeupe katikati ya ziwa. Usipige simu kwa mtu. Ni taa za wavuvi wa dagaa.

Upande wa simu, adui ni rangi ya otomatiki. Simu ikiona anga la njano inadhani imekosea, inalisafisha. Albamu yangu ya mwaka wa kwanza ina machweo ya kijivu matupu. Weka alama ya jua kwenye mpangilio wa rangi (white balance) uiache hapo, bonyeza kioo na ushikilie mpaka mwanga ujifunge, kisha piga ukiwa na kitu kisichohama ndani ya picha, mti au mnara. Na jua usilikazie macho wala usilivute kwa lenzi, hata likiwa jekundu la kupendeza.

Piga ya kesho saa nane na nusu, uiweke hapa pamoja na upande ulioelekeza simu. Yangu nitaipiga saa hiyo hiyo tuzilinganishe.