Waziri Akiagiza Umeme Urudi, Nani Anaurudisha?

Maswali ya wasomaji, yanajibiwa na Mzee wa Zamu, Iringa

Kamwene wasomaji wangu. Barua za safari hii karibu zote ni za umeme, na nyingi zinagusa jambo moja: giza likiingia nchi nzima, Serikali ina mamlaka gani juu ya wanaozalisha na kusambaza umeme? Mimi nilifanya kazi ya zamu kwenye vituo vya kupoza umeme huku Nyanda za Juu Kusini mpaka nikastaafu, na sasa nipo Kihesa na shamba langu dogo la mahindi. Jambo hili ninalo moyoni. Nimechagua barua tano.

Shikamoo mzee. Nina mashine ya kusaga na kukoboa hapa Makambako. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2024, gridi ya taifa ilipata hitilafu, tukawa gizani karibu nchi nzima. Kila mtu alikuwa anasema, "Waziri awaagize TANESCO warudishe umeme sasa hivi." Je, kweli anaweza kuwaagiza? Na akiagiza, mbona hauwaki pale pale?
*Msagaji, Makambako*

Marahaba, mwanangu. Kuwaagiza anaweza, tena kwa urahisi kuliko mawaziri wa nchi nyingi. TANESCO ni shirika la umma, mwenye mali ni Serikali, na wakubwa wake huteuliwa na Serikali hiyo hiyo. Waziri wa Nishati akinyanyua simu, atasikilizwa. Pembeni yake ipo EWURA, mamlaka ya kudhibiti huduma za nishati na maji, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, yenye kazi ya kutoa leseni, kupanga bei na kusimamia viwango. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 imegawa kazi hizo: waziri kwenye sera, EWURA kwenye udhibiti.

Ila mpaka huo kati ya waziri na mdhibiti huvukwa. Mwishoni mwa Desemba 2016 EWURA ilitangaza kwamba bei ya umeme ingepanda kwa asilimia 8.5. Waziri wa wakati huo, Profesa Sospeter Muhongo, akalisimamisha ongezeko hilo mwaka ukiwa ukingoni, na tarehe 1 Januari 2017 Rais Magufuli akatengua uteuzi wa Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO, Felchesmi Mramba. Wananchi wengi walifurahi, maana bei haikupanda. Mimi nililitazama kwa jicho la mtu wa zamu: siku ile kila meneja nchini alijifunza neno la nani lina uzito. Meneja anayeogopa simu hufanya kazi tofauti na meneja anayefuata kitabu.

Sasa nije kwenye "mbona hauwaki pale pale". Gridi, yaani mtandao wa laini kubwa unaounganisha mitambo na miji, ikianguka, mitambo yote hujitoa yenyewe ili isiungue. Kuirudisha huanzia kwenye mitambo ya maji, kwa kuwa yenyewe huhitaji umeme kidogo sana ili ianze kuzunguka. Huku kwetu tuna Mtera yenye megawati 80, Kihansi 180 na Kidatu 204. Mtambo mmoja ukishaamka, unapeleka umeme kwenye kipande kimoja cha laini kubwa, halafu mji mdogo, halafu mtambo wa pili, halafu kipande kingine. Umeme wetu unatakiwa uende mizunguko 50 kwa sekunde. Ukirudisha mji mzima kwa mkupuo, friji zote, mota zote za mbao za Mafinga na mashine yako wewe huvuta umeme kwa nguvu wakati mmoja, mzunguko unashuka, mtambo unajitoa tena. Mnarudi sifuri. Ndiyo maana kituo cha Ubungo, Dar es Salaam, kinachoongoza gridi, humwambia kila mwenye zamu lini awashe laini ipi.

Nakumbuka usiku mmoja wa namna hiyo. Simu ya kituoni iliita, na aliyepiga alikuwa mkubwa mmoja ambaye hakuwa wa Ubungo wala hakuwa kwenye mlolongo wetu wa kazi. Alitaka laini ya mtaa fulani iwashwe kwanza. Kiongozi wetu wa zamu alimjibu kwa heshima kwamba zamu ya laini hiyo haijafika, akaweka simu chini, akaandika kwenye kitabu cha zamu saa, jina na maneno yote kama yalivyosemwa. Tukaendelea na mpangilio. Yule kiongozi wa zamu alilinda umeme wa mikoa kadhaa kwa kalamu tu, na mpaka leo nikimtaja kwa watoto wangu nasimama.

Kwa hiyo amri ya waziri haiwezi kuharakisha mzunguko wa mtambo. Yapo mambo inayoweza, na ndiyo ninayotaka tuyadai. Inaweza kumtaka mwenye mtambo uliolala auamshe. Inaweza kusema hospitali na pampu za maji zitangulie. Inaweza kuwalazimisha wahusika watoe taarifa kwa wananchi kila baada ya saa kadhaa, na wachapishe chanzo cha hitilafu baadaye. Lakini amri ya namna hiyo iwe kwa maandishi, iwe na jina la aliyeitoa, na iwe na tarehe ya kwisha. Amri ya mdomo haina mwenyewe mambo yakiharibika.

Mzee, mimi ni wa Kyela. Mgao wa umeme ukianza, kwa nini Serikali isiamuru tu mitambo ya dharura iletwe haraka, tuachane na vikao na zabuni? Watu wanaumia.
*Mvuvi wa ziwani, Kyela*

Ndugu yangu, wewe wa Kyela unaniuliza swali hili! Jibu lake lilisomwa bungeni na aliyekuwa mbunge wenu.

Mwaka 2006 ukame ulikuwa mkali. Bwawa la Mtera, ambalo likijaa maji hufika mita 698.5 kutoka usawa wa bahari na ambalo kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 690, lilikauka vibaya, na mgao ukawa wa kutisha. Ndipo ukaingiwa mkataba wa dharura na kampuni ya Richmond, ilete megawati 100. Haraka ilikuwa na sababu. Giza lilikuwa la kweli na watu waliumia kweli, kama usemavyo. Lakini Kamati Teule ya Bunge, chini ya mwenyekiti wake Dakta Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela, ilikuta kwamba kampuni ile haikuwa na uwezo wa kazi iliyopewa. Taarifa iliposomwa Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, pamoja na mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha. Bwana Lowassa mwenyewe alilalamika kwamba kamati haikumpa nafasi ya kusikilizwa, na haki yake hiyo niitaje.

Mimi sisemi tukae kwenye vikao huku watu wanaumia. Nasema orodha ya kampuni zilizokaguliwa, bei za juu kabisa na muda wa mkataba wa dharura viandaliwe mvua ikiwa inanyesha na Mtera imejaa. Mtu anayenunua akiwa gizani hana nguvu ya kukataa bei. Nchi nzima ililipia somo hili, na linaniuma kila nikisikia neno "dharura" likitumika kuzima maswali.

Habari za kazi. Sisi huku Mufindi baadhi ya vijiji tunauziwa umeme na kampuni binafsi ya umeme wa maji ya Mwenga, si TANESCO. Je, Serikali inaweza kuiamuru kampuni binafsi?
*Mwalimu, Mufindi*

Salama, mwalimu. Inaweza, kupitia leseni. Mradi wa Mwenga una megawati 4, ulianza kuzalisha mwaka 2012, unauza umeme kwa TANESCO na pia una laini zake za vijijini. Kampuni ya namna hiyo inafanya kazi kwa leseni ya EWURA, na mwenye leseni akikiuka masharti, EWURA inaweza kumwandikia amri ya kumtaka ayatimize. Ila mtu akiamriwa azalishe au apeleke umeme nje ya mkataba wake, alipwe. Usipomlipa, mwaka unaofuata hakuna mtu binafsi atakayechimba mfereji mwingine mlimani kwetu, na mito ya kujengea mitambo midogo tunayo mingi.

Shikamoo. Nasoma sheria mwaka wa pili hapa Iringa. Nchi nyingine wameandikaje mamlaka haya? Na Katiba yetu haitoshi?
*Mwanafunzi, Iringa mjini*

Marahaba binti yangu. Nimefurahi kwamba kijana wa sheria anauliza habari za laini za umeme.

Anza na Marekani, ambako kampuni nyingi za umeme ni za watu binafsi, kwa hiyo imewabidi waandike kila kitu. Sheria yao ya umeme ya mwaka 1935 ina kifungu cha 202(c): Waziri wa Nishati anaweza, wakati wa dharura, kuamuru mitambo iwashwe na laini ziunganishwe. Malipo ya haki kwa aliyeamriwa yamo humo humo. Tangu marekebisho ya 2015, amri inayogongana na sheria za mazingira hukoma baada ya siku 90 isipotolewa upya. Tarehe hiyo ya kwisha ndiyo ninayoipenda.

Hata hivyo, tazama Texas, Februari 2021. Baridi kali ilipoingia, amri chini ya kifungu hicho ilitolewa tarehe 14, ikiruhusu mitambo ifanye kazi hata kwa kupitiliza viwango vya moshi. Karatasi ilikuwa tayari. Lakini mabomba na visima vya gesi vilikuwa vimeganda, mitambo mingi ikasimama, na jimbo lilihesabu watu 246 waliokufa. Maandalizi ya baridi yalitakiwa yaamriwe miaka mingi nyuma.

Australia Kusini ni kisa kingine. Septemba 2016 dhoruba iliangusha nguzo za chuma za laini kubwa, jimbo zima likawa gizani. Februari 2017 joto lilipopanda, wateja kama 90,000 walikatiwa umeme ili gridi isianguke, huku mtambo mmoja wa gesi ukiwa na uwezo uliolala. Watu walikasirika, na mwaka huo huo bunge la jimbo likampa waziri mamlaka ya kuwaagiza wazalishaji moja kwa moja. Hapo mamlaka yalijibu tatizo lililoonekana: mtambo upo, mafuta yapo, mwenyewe haoni faida ya kuuwasha.

Afrika Kusini, ambako Eskom ni ya umma kama TANESCO, walitangaza hali ya maafa kwa ajili ya umeme tarehe 9 Februari 2023, wakaifuta tarehe 5 Aprili. Katikati hapo Eskom ikapewa msamaha wa kutoonyesha baadhi ya matumizi yasiyo ya kawaida kwenye hesabu zake za mwaka. Wananchi walipiga kelele, msamaha ukaondolewa. Hilo likae kichwani mwako siku utakapokuwa wakili: taa zikizimika, kwanza angalia nani anataka hesabu zifunikwe.

Kuhusu Katiba yetu, Ibara ya 32 humpa Rais uwezo wa kutangaza hali ya hatari, na Bunge lazima liridhie kwa theluthi mbili. Pia ipo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022. Hizo ni za mambo makubwa mno. Gridi kuanguka kwa saa kumi hakuhitaji hali ya hatari. Kunahitaji kanuni ya kurasa chache inayosema nani anaamuru nini, kwa muda gani, na inabandikwa wapi. Andika tasnifu yako juu ya hilo, nami nitakupa maelezo yote niliyonayo ya kazi ya zamu.

Mwaghonile baba. Mimi ni mkusanyaji wa maziwa Tukuyu. Mvua zikianza miti huangukia nyaya, tunakaa gizani, tangi la kupozea linasimama, maziwa yanamwagwa. Mjini Mbeya umeme unarudi mapema, sisi mwisho. Naweza kudai tutangulie?
*Mama wa maziwa, Tukuyu*

Ndaga, mama. Pole sana kwa maziwa hayo. Najua nyuma ya kila ndoo kuna mkulima anayesubiri malipo ya mwezi.

Kutangulia mbele ya hospitali, hapana, na najua hata wewe hutaki. Lakini kujua mpo wa ngapi ni haki yenu. Jikusanyeni ninyi wa maziwa na wenzenu wa chai, maana majani yaliyochumwa nayo hayasubiri. Andikeni barua moja kwa meneja wa TANESCO wa wilaya. Tajeni laini inayowahudumia, namba za mita zenu za LUKU, tangi linabeba lita ngapi na maziwa huharibika baada ya saa ngapi. Ombeni mambo mawili tu: mpangilio wa kurudisha laini baada ya hitilafu kubwa, na ratiba ya kufyeka miti chini ya nyaya kabla ya masika. La pili litawasaidia kuliko la kwanza, kwa sababu Rungwe adui wenu ni matawi kuliko gridi.

Msipojibiwa, pelekeni lalamiko EWURA; wana ofisi ya kanda Mbeya mjini. Lipo pia baraza la watumiaji wa huduma za nishati na maji, EWURA CCC, ambalo kazi yake ni kumsemea mteja. Hakikisheni nakala yenu ya barua imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu huko EWURA swali la kwanza litakuwa kama mlianza kwa mtoa huduma.