Kaa ngapi zinaruhusiwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Jioni huwa tunacheza na wanangu mchezo wa kutafuta maneno ya herufi 3 yanayoishia na -aa. Juzi mkubwa aliandika "kaa" mara tatu, akidai ni maneno matatu. Mdogo wake akagoma, anasema huo ni wizi. Nani ana haki? Halafu wote wawili wakiandika kwenye simu huacha a moja: "sa ngapi", "amekata kuja". Nikiwasahihisha wananiambia nimepitwa na wakati.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Mkubwa apewe pointi zake zote tatu. Kaa wa baharini, kaa la moto na kaa yenye maana ya kuketi au kuishi mahali hayana undugu wowote. Yamekutana kwenye tahajia tu, na ndiyo maana kamusi huyatenga na kuyapa namba. Mdogo akiendelea kununa, mwambie asikilize upatanisho wa kisarufi. Kaa huyu, kaa hawa: huyo ana magando. Kaa hili, makaa haya: hayo ni ya jikoni. Ama kitenzi, hicho kinajitangaza chenyewe kwa viambishi: anakaa, tumekaa.

Afadhali angeandika "paa", maana hilo lina utajiri zaidi. Kuna paa la nyumba, kuna paa wa porini, na kuna kupaa kwa ndege angani. Watu wa pwani wanalo na la nne, ambalo bara wengi hawalijui: kupaa samaki, yaani kumkwangua magamba kwa kisu, kutoka mkiani kuelekea kichwani, kabla ya kumpasua. Taa nazo ni mbili, ile ya mezani na yule samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani. Jaa ni kitenzi, na pia ni mahali pa kutupa taka. Baa ni janga, na siku hizi ni mahali pa kunywea pombe. Wapo watakaosema hizo mbili ni neno moja, lakini ugomvi huo siuingilii.

Sasa hiyo a inayoachwa. Hapo nasimama na wewe, na si kwa ukale. Katika Kiswahili "aa" ni silabi mbili, na mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiandika "kata", mkazo uko kwenye ka. Ukiandika "kataa", umehamia kwenye ta. Kwa hiyo "amekata simu" na "amekataa simu" ni habari mbili: wa kwanza alikuwa anaongea nawe akakatisha, wa pili umempa simu akasema hataki. Vivyo hivyo "amekoma" na "amekomaa". "Sa ngapi" angalau haimdanganyi mtu, basi hiyo wasamehe wakiwa wanachati wao kwa wao.

Balaa lenyewe liko kwenye fa na faa. "Kazi hii imekufaa" ni pongezi. Punguza a moja, "kazi hii imekufa", umempa mtu taarifa ya msiba. Tena tazama hiyo ku-: katika "imekufaa" inamrejelea wewe unayeambiwa, ilhali katika "imekufa" haimrejelei mtu yeyote, ipo kwa sababu kitenzi -fa kina silabi moja na hakiwezi kubeba mkazo peke yake. Waambie wanao waandike kwa a moja methali ya "akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki", kisha wakueleze huyo rafiki yuko wapi.

Huenda wakauliza hizo a mbili zilitoka wapi. Nyingi kati yake zilitenganishwa zamani na l, ikadondoka. Njaa kwa Kigiriama ni ndzala, kwa Kiganda ni enjala, kwa Kichewa ni njala. Wanyarwanda husema inzara, kwa r. Mvua nayo imepitia njia hiyohiyo: Kichewa bado kinasema mvula. Na huna haja ya kwenda mbali, kwani l hiyo haijatuhama kabisa. Nyambulisha kitenzi uione inavyorudi: kaa, kalia, vaa, valia, zaa, zaliwa, twaa, twaliwa. Kata na kataa pia utazitenganisha hapo, moja hutoa "katwa" na nyingine "kataliwa". Hata kijana wa mtaani anayesema "jamaa kanikomalia" ameirudisha l ya komaa bila kufundishwa na mtu. Ila si kila aa ina historia hiyo: saa tumeipata kwa Waarabu, na baa ya pombe kwa Waingereza.

Kwa raundi ijayo, mpe mdogo "waa", yaani doa, wingi wake mawaa. Nadhani kaka yake hatalijua. Mkitaka kupanda hadi herufi 4, yapo njaa, twaa na kwaa. Kuhusu "ng'aa", kubalianeni mapema kama kibainishi kinahesabiwa, la sivyo mtagombana tena.