Mnaouliza kama kamera inalisha huku Uingereza

Kuna dogo wa Chikongola kaniuliza, na wengine mmekuja inboksi na swali hilohilo, eti kaka huko si unapiga harusi moja tu unaokota pauni, hela ya miezi mitatu Mtwara? Haya ngoja niseme, japo najua kuna watakaosema nawabania.

Kamera hainilishi, inanisaidia tu. Kodi ya chumba inalipwa na shifti za usiku godauni, napanga maboksi siku nne kwa wiki, afu Jumamosi nikibahatika ndo nabeba begi la kamera. Na hizo Jumamosi ni za kiangazi, mwezi wa tano mpaka wa tisa hivi, baada ya hapo kimya. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, mi niliyekulia Shangani nikajua labda saa yangu mbovu. Harusi yangu ya kwanza ya baridi betri mbili zilizima bibi harusi ndo anatoka kanisani, na asubuhi zilikuwa zimejaa kabisa, baridi imezinyonya. Sikuhizi nazibana kwapani ndani ya koti kama kuku anaatamia.

Malipo ndo nawasifu watu wa huku. Mteja anasaini na kutoa advansi kabla sijagusa kamera. Mi nilipiga harusi Newala mwezi wa nane nikaambiwa subiri korosho zilipwe, korosho zikalipwa, mpaka leo picha zangu ziko ukutani kwao na hela sijaiona.

Ila hiyo pauni usiihesabu yote. Mapato ya kujiajiri yakizidi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi lazima ujisajili, na hesabu mwisho wa kupeleka ni 31 Januari, hapo bado bima maana kumbi nyingine hawakuingizi bila karatasi yake, bado nauli ya treni, bado siku tatu za kuediti macho mekundu.

Na wewe unayetaka kuja na visa ya mwanafunzi ukapige harusi, visa hiyo inakataza kujiajiri, hata besdei ya mtoto ukilipwa umevunja masharti. Usiuze bodaboda kwa ajili hiyo, nunua lensi nzuri na printa, subiri mnada wa korosho, hela ikiwa mtaani.

Maswali ya lensi ulizeni tu. Ila la "kaka nitumie kamera" basi jamani, hii yenyewe nimenunua mtumba.