Barua kwa mwanangu: kila kitambaa na ufuaji wake

Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeupokea, na sikutaka kuujibu kwa maneno mawili matatu ya simu, kwa sababu umeniuliza jambo la kazi yangu ya udobi, kazi ambayo ndiyo iliyowasomesha wewe na ndugu zako. Umeniambia kwamba tangu mhamie Dodoma nguo zenu zinachakaa upesi. Dera lako limerudi likawa fupi, baibui limeanza kung'aa mgongoni na kwenye mikono, kitenge kimepauka kabla hujakivaa sana, na mashati meupe ya shule ya wajukuu wangu yamekuwa ya kijivu hata ukiyaongezea sabuni. Ukauliza kama kosa ni la mashine mpya ya kufulia, au sabuni, au ni kwamba nguo za siku hizi hazina ubora.

Ninavyoona mimi, mama, chanzo kikubwa ni kwamba nguo zote mnazifua kwa namna moja, nayo ni namna ya kufua pamba. Hili si jambo la kukulaumu. Sisi watu wa pwani ufuaji wetu tuliurithi kutoka kwenye kanga, vikoi, shuka na kanzu za pamba, nguo ambazo unaweza kuziloweka usiku kucha, kuzifikicha kwa nguvu, kuzikamua mpaka zijipinde, kuzianika juani na kuzipiga pasi ya mkaa iliyowaka vizuri, nazo zikavumilia. Pamba ina sifa ya pekee kwamba nyuzi zake zikilowa huongezeka nguvu. Vitambaa vingine vingi havina sifa hiyo, na kabati lako sasa limejaa hivyo vingine.

Kwa hiyo kabla nguo mpya haijaguswa na maji, jua kwanza imetengenezwa kwa nini. Ikiwa ina lebo ndani, isome, na alama zake pia uzijue: beseni ni kufua, na namba iliyo ndani yake ni kiwango cha juu cha joto la maji, pembetatu ni dawa ya kung'arisha, mraba ni kukausha, na kwenye picha ya pasi, nukta moja ni joto la nyuzi za Selsiasi kama 110, nukta mbili ni 150, nukta tatu ni 200. Alama yoyote iliyokatwa kwa msalaba ni katazo. Lakini najua kwamba madera, mabaibui na nguo nyingi za kushonesha kwa fundi hazina lebo kabisa, na hapo utumie jaribio ambalo madobi na mafundi cherehani wanalitegemea. Chomoa nyuzi chache kutoka kwenye mshono wa ndani, zishike kwa koleo juu ya sahani au sinki, uziwashe kwa kiberiti. Pamba huungua haraka, hutoa harufu ya karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Sufu na hariri hutoa harufu ya nywele zilizoungua. Poliesta na nailoni hujikunja na kuyeyuka, kisha huacha tone gumu ambalo huwezi kulisaga kwa vidole. Ukiona dalili za aina mbili pamoja, kitambaa kimechanganywa, na hapo ukitunze kwa kufuata nyuzi iliyo dhaifu zaidi kati ya hizo mbili.

Jaribio hilo lina upungufu mmoja, nao ndio uliokugharimu dera lako. Rayoni, ambayo wengine huiita viskosi, hutengenezwa kwa massa ya miti, na kwa hiyo huungua sawasawa na pamba na hunukia vilevile. Ili kuzitofautisha, lowesha uzi mmoja katikati kwa mate au maji, kisha uvute pande zote mbili: uzi wa rayoni hukatika kwa urahisi pale ulipolowa, ilhali wa pamba hushikilia. Rayoni ikilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, na ikikutana na maji ya moto husinyaa vibaya. Madera mengi mepesi yanayoteleza mwilini, yale mazuri ya kuvaa wakati wa joto, ni ya kitambaa hicho. Yafue kwa mkono katika maji baridi, kwa sabuni kidogo, bila kuyafikicha na bila kuyakamua kwa kupinda. Yabonyeze tu maji yatoke, yaviringishe ndani ya taulo kavu, kisha yatandaze yakauke yakiwa yamelala, au yapitishe juu ya kamba yaegemee pande zote mbili, kwa sababu ukining'iniza dera lililojaa maji kwa mabega yake, uzito wenyewe utalivuta na kulipotosha umbo. Hilo lililorudi, liloweke kwa nusu saa katika maji ya vuguvugu yenye kiasi kidogo cha mafuta ya kulainishia nywele, yale ya kusuuza baada ya kuosha kichwa, kisha livute polepole kwa urefu wake likiwa bado bichi. Litaongezeka kidogo, ingawa halitarudia kipimo chake cha mwanzo.

Baibui lako ni la poliesta, na mng'ao ulio mgongoni ni alama ya pasi. Poliesta ni jamii ya plastiki. Pasi yenye joto la pamba huanza kulainisha nyuzi zake na kuzilaza bapa, na zikishalala hivyo hazisimami tena, kwa hiyo ule mng'ao utabaki. Baibui jipya utakalonunua, lipindue kabla ya kulifua na kabla ya kulipiga pasi, tumia joto la nukta moja au mbili, na uweke kitambaa chembamba cha pamba kati yake na pasi. Ukweli ni kwamba likianikwa kwenye henga mara tu linapotoka majini, bila kukamuliwa, mara nyingi halitahitaji pasi hata kidogo. Poliesta pia hushika mafuta ya mwili na harufu ya jasho kuliko pamba, na kwa hiyo usilirudishe kabatini baada ya kulivaa siku nzima. Lianike kwanza penye upepo, na sehemu ya kwapa uisugue kwa sabuni kidogo ya maji kabla ya kulifua lote.

Kuhusu kitenge na kanga, kuna mazoea ambayo hata mama yako ameyashikilia, ya kuloweka kitambaa kipya katika maji ya chumvi ili kuifunga rangi. Chumvi hufanya kazi hiyo kiwandani, wakati kitambaa kiko ndani ya pipa la rangi. Kikishatoka huko, chumvi ya jikoni haiwezi kuifunga rangi ya ziada iliyobaki juu ya nyuzi. Inayosaidia ni kukifua peke yake katika maji baridi, mara mbili au tatu za mwanzo, mpaka maji ya kusuuzia yawe meupe. Baada ya hapo adui wa rangi ni jua. Kipindue, ukianike kivulini penye upepo, na ukianue mara kinapokauka badala ya kukiacha kwenye kamba mpaka jioni, maana jua la Dodoma halina mawingu mengi ya kulipunguza makali wakati wa kiangazi. Tena, usimpe fundi kitenge kabla ya kukiloweka na kukikausha, na kitambaa cha bitana ukiloweke vilevile. Pamba hurudi katika ufuaji wa kwanza, na kama kitenge na bitana vitarudi kwa viwango tofauti, gauni lote litavutika kwenye mishono na hakuna pasi itakayolinyoosha.

Ninapokuambia uanike kivulini, niongeze tahadhari kwa ajili ya watoto. Yuko inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini, na funza wake huingia kwenye ngozi na kutoa majipu. Kwa hiyo nguo za ndani, nepi na mashuka ya pamba yaanike juani, juu ya kamba na si juu ya majani, kisha yapige pasi ya moto pande zote mbili, pamoja na mishono na mapindo, kwani joto la pasi ndilo linaloyaua mayai hayo.

Sasa mashati ya shule, ambayo naamini ndiyo yanayokusumbua zaidi. Sabuni si kidogo. Maji ya Dodoma kwa kiasi kikubwa hutoka visimani, na maji ya visima yaliyopita kwenye miamba hubeba madini ya kalsiamu na magnesi. Madini hayo yakikutana na sabuni ya mche hayatoi povu, bali hutengeneza utando mzito unaojibandika kwenye nyuzi, na utando huo hushika vumbi. Kila unapoongeza sabuni ya mche ndivyo unavyoongeza utando, na shati linazidi kuwa la kijivu na gumu. Fanya hivi: kabla ya kuyalowesha, yakung'ute nje kwa nguvu, kwa sababu vumbi lile ni punje za mchanga ambazo mkisugua nazo mnazikata nyuzi za kola. Tumia sabuni ya unga, ambayo hustahimili maji magumu kuliko ya mche, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ili kuutoa utando uliokwisha kujijenga, yaloweke saa moja katika ndoo ya maji ya moto yenye kikombe cha siki nyeupe, uyasuuze vizuri sana, kisha ndipo uyafue. Na mvua zikianza, kuanzia Desemba hadi Aprili, kinga maji ya paa uyaweke kwa ajili ya nguo nyeupe, maana maji ya mvua hayana madini hayo.

Dawa ya klorini, hiyo ambayo watu wengi huiita jiki, iweke mbali na mashati hayo, kwa kuwa mashati mengi ya shule ni mchanganyiko wa pamba na poliesta, na klorini huigeuza poliesta kuwa ya manjano kadiri muda unavyokwenda. Iweke mbali zaidi na sufu na hariri, kwa sababu hizo huliwa nayo kabisa. Na kwa hali yoyote ile usiichanganye na siki wala limau, wala kuzitumia moja baada ya nyingine kabla ya kusuuza, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayoumiza mapafu. Doa la kutu lililotokana na waya wa kuanikia, lipake limau na chumvi, liache juani saa chache, kisha usuuze. Klorini hulizidishia doa la kutu.

Mashine yako haina ubaya ukiipakia robo tatu na si zaidi, ukafunga zipu zote, ukapindua jinzi, na ukapunguza kasi ya kukamua ifike mizunguko 600 kwa dakika au chini ya hapo kwa vitu vyepesi. Nguo zenye lastiki zisipate maji ya moto.

Hariri yako moja, ule mtandio wa arusi, ifue kwa mkono kwa sabuni laini ya maji na uikaushe mbali na jua. Manukato jipulizie kabla ya kuuvaa, yakauke kwanza, kwa sababu spiriti yake huiachia hariri madoa.

Kofia za mume wako za viua zisiingie mashineni hata siku moja. Ziloweke kidogo katika maji ya vuguvugu, uzisugue kwa mswaki laini kufuata nakshi, uzisuuze, kisha uzichovye kwenye maji mepesi ya wanga na uzikaushe zikiwa zimevikwa juu ya bakuli lenye kipimo cha kichwa chake, ili zisimame. Lakini nguo unayoiweka kwa miezi mingi usiitie wanga, kwani wadudu wa kabatini huufuata wanga na kutoboa kitambaa. Kila kinachowekwa kiwe safi na kikavu kabisa. Nondo hutaga kwenye sufu, na hupendelea ile yenye jasho na mafuta ya mwili.

Sufu ndiyo nataka uiangalie kwa uangalifu, kwa kuwa Juni na Julai huko kwenu kuna baridi na mtakuwa mmeshanunua masweta ya mtumba. Uzi wa sufu una magamba madogo, na ukikutana na joto pamoja na msuguano magamba hayo hushikana, sweta likawa dogo na nene kama kipande cha zulia, na halirudi tena. Maji ya kufulia na ya kusuuzia yawe na joto moja, la vuguvugu. Libonyeze tu, ulitandaze juu ya taulo, ulinyooshe kwa mikono lifike umbo lake. Koti la suti la mume wako, baada ya kulivaa lipigwe brashi, litundikwe kwenye henga pana na lipumzike siku moja kabla ya kuvaliwa tena, na kwa namna hiyo halitahitaji kusafishwa ila mara chache kwa mwaka. Likihitaji, muulize dobi wa huko, kabla hujamkabidhi, kama anasafisha suti kwa kemikali au kwa maji. Akikujibu kwamba ni kwa maji, mshukuru, urudi nalo nyumbani, unisubiri nitakapokuja.

Nisalimie mume wako na watoto.

Wasalaam,
Baba yako